Nina saa sita tu Mombasa, meli ikiwa Kilindini: nianzie wapi?

MkateMoto (mleta mada)

Wakuu, habari za humu. Mimi ni mtu wa Tanga, nafanya kazi kwenye meli ya watalii, jikoni, upande wa mikate. Msimu huu tunatoka Ushelisheli, tunaingia Mombasa, halafu Unguja, halafu tunateremka kusini.

Mombasa nimepita mara mbili na sijawahi kuiona. Mara ya kwanza nilipangiwa zamu ya kubaki melini, maana watu kadhaa lazima wabaki ndani kwa ajili ya dharura. Mara ya pili nilikuwa nimeoka usiku kucha, nikasema nijilaze kidogo ndipo nishuke. Nilipoamka sakafu ilishaanza kuyumba.

Safari hii sikubali. Oveni naifunga saa mbili asubuhi, saa tatu naweza kuwa nje ya geti la bandari. Wafanyakazi tunatakiwa tuwe ndani saa tisa alasiri, saa nzima kabla ya abiria. Nina wenzangu wawili Wafilipino, dada mmoja wa vyumbani na kaka wa chumba cha injini, wameshaamua kwamba mimi ndiye mwenyeji wao kwa kuwa nasema Kiswahili. Mwenyeji wa nini, mimi ninayejua Chumbageni na Raskazone? Nipangieni siku nisiaibike. Maduka makubwa yenye viyoyozi sitaki, nayaona kila bandari.

Safari_Njema

Tsavo Mashariki mkuu. Ndovu wekundu, kwisha maneno. Fort Jesus ni mawe tu.

DerevaWaMakupa

Wewe wa hapo juu, hiyo barabara umeiendesha au umeiona kwenye ramani? Kutoka Kilindini mpaka lango la Buchuma ni kama kilomita 100, na ndiyo hiyohiyo inayobeba malori ya Nairobi, Kampala na Kigali. Lori moja likilala Mariakani, siku imekwisha. Abiria wa meli huenda, ndiyo, lakini huondoka alfajiri na basi lililopangwa na meli yenyewe. Likichelewa, nahodha anajua wako wapi. Mtu wa mikate nani atamngoja?

Safari_Njema

Haya, basi Haller Park. Hapo hamna kisingizio cha malori.

DerevaWaMakupa

Haller sawa, nakubali. Ni Bamburi, unavuka daraja la Nyali. Palikuwa shimo la kuchimba mawe ya saruji, jeupe, halina hata jani, mpaka Mswisi René Haller alipoanza kupanda mivinje miaka ya 70. Majani ya mvinje hayaozi upesi, basi akawaachia majongoo wayatafune, ndio waliotengeneza udongo wa pale. Kila mtu huenda kuona twiga na yule kobe Mzee aliyefanya urafiki na kiboko Owen baada ya tsunami ya 2004, mimi nikipeleka wageni huwaonyesha jongoo. Ila kwa saa sita, ukishakwenda Bamburi na foleni ya Nyali, mji hutauona. Chagua kimoja.

Mvita_Asilia

Karibu mwanangu. Tanga na Mombasa ni mtu na nduguye.

Huyo wa ndovu mwache. Skiza. Wageni wengi hushuka Kilindini, wakapanda basi, wakenda zao wakisema wameiona bandari ya Mombasa. Kisiwa hiki kina bandari mbili. Kilindini iko magharibi, ni kilindi kweli kama jina lake, ndipo mnapofunga nyinyi wenye meli kama majumba. Mashariki, nyuma ya Mji wa Kale, iko Bandari ya Kale. Mpaka reli ya Uganda ilipoanza kujengwa 1896, mambo yote yalikuwa huko. Na huo msimu wenu wa watalii, Novemba mpaka Machi, ndio uleule wa majahazi: kaskazi ikivuma walikuja watu wa Ghuba na Bara Hindi na tende na mazulia, kusi ikigeuka wakarudi na boriti za mikoko. Nyinyi mna injini na hampeperushwi na mtu, lakini mwaja na kaskazi vilevile.

Kwa hivyo nasaha yangu: nendeni kwa hiyo bandari nyengine. Chukueni tuktuk (nyinyi mwaita bajaji) kutoka getini hadi Ngomeni, ndiyo hiyo Fort Jesus, kama kilomita 3 au 4, mpatane bei kabla ya kupanda. Kisha msipande kitu tena mpaka wakati wa kurudi.

Ngomeni ingia mapema, jua halijakaa utosini. Wareno waliianza 1593 wakaimaliza 1596, mchoro ni wa Mtaliani, Giovanni Battista Cairati. Ukiitazama ramani yake ni kama mtu amelala chali. Waongozaji hupenda kuanza na mizinga. Wewe anza na kipande cha ukuta walichochorachora Wareno waliokuwa wakilinda humo. Merikebu kwa merikebu. Ni mtu amechoka na zamu, yuwachora chombo cha kumrudisha kwao. Baharia hahitaji kuelezwa zaidi.

Halafu kuna vitu vilivyoopolewa kwenye Santo António de Tanna, merikebu ya Kireno iliyozama 1697 hapohapo chini ya Ngome wakati imezingirwa. Wapiga mbizi waliichimbua miaka ya 70. Kuzingirwa kwenyewe kulianza Machi 1696, Ngome ikaanguka Desemba 1698. Hesabu mwenyewe, kisha kumbuka waliomo ndani walikuwa wakifa zaidi kwa maradhi kuliko kwa risasi.

MuscatNaMvita

Naongeza hapo kwa Mzee wangu. Mimi niko Muscat, bibi yangu mzaa baba alizaliwa Mombasa. Waomani waliwatoa Wareno hapa Muscat 1650, halafu wakawafuata mpaka Mombasa. Walioletwa kutoka Goa, makao ya Wareno kule India, kuiokoa Ngome walifika siku chache baada ya kuanguka, wakaona bendera si yao, wakageuza. Kila nikisimama pale juu ya ukuta unaotazama bahari huwa nawafikiria hao waliogeuza, safari yote ile.

Kingine, na hiki ni cha muhimu kuliko historia: mleta mada, nimefanya kazi melini miaka kumi na moja. Mnatoka Ushelisheli. Ushelisheli wako mbele ya Mombasa kwa saa moja. Wakati mwingine meli hurudisha saa, wakati mwingine haibadilishi kwa kuwa bandari ni ya siku moja tu. Simu yako ikinasa mtandao wa Kenya itajirekebisha bila kukuuliza. Kawaida ni saa ya meli ndiyo sheria. Vaa saa ya mkononi, uiweke ya meli, usiiguse.

MkateMoto

Mkuu umeniokoa. Nimeangalia tangazo la kesho: saa za meli hazibadiliki. Yaani saa tisa yetu ni saa nane ya Mombasa. Kwa hiyo hata hizo saa sita sina uhakika nazo.

Kiongozi_wa_Ngomeni

Naomba niseme kitu maana hii kazi naifanya. Meli ikifunga gati, mabasi yanakuja matano, sita. Abiria ameshalipia kule juu kwa dola, amepewa kibandiko cha namba kifuani. Anashushwa Ngomeni dakika ishirini, halafu anapelekwa duka moja la vinyago lililokubaliana na wenye basi, anakaa saa nzima. Ndia Kuu, barabara kuu ya Mji wa Kale, haioni. Mama wa mahamri hamwoni. Jioni mnasikia meli imeleta watu elfu mbili, na sisi tunaulizana hao elfu mbili walipita wapi. Sitataja mtu. Lakini mtu kama wewe, anayekuja kwa miguu na hela ndogo mfukoni, mtaani anaacha zaidi kuliko basi zima.

Ukitaka mwongozaji, chukua aliye na kitambulisho shingoni na mkubaliane mtazunguka muda gani. Na tiketi: Mtanzania halipi sawa na mgeni wa mbali, kuna bei ya Afrika Mashariki. Njoo na ithibati ya uraia.

MkateMoto

Pasipoti zetu zinakaa na meli. Nitabeba nakala.

MwalimuMstaafu

Vijana mnasema Ngome, Ngome. Babu yangu hakuwahi kuiita hivyo. Aliita gereza, kwa sababu tangu 1895 mpaka 1958 Waingereza walifungia watu mle. Alikuwa na binamu yake ndani, kwa kosa ambalo nyumbani halikusemwa. Makumbusho imefunguliwa 1962, na babu hakuingia hata siku moja, ingawa alikaa mwendo wa dakika tano.

Neno lenyewe gereza tumelipata kwa Wareno, kwao ni kanisa. Walikaa karne moja wakapigana na kila mtu, na tulichobaki nacho ni maneno ya nyumbani: meza, kasha, karata, bendera, mvinyo, leso. Watu wa bara wanasema kanga, Mombasa ni leso, na ni Kireno kitupu. Ukiwa Biashara Street, mtaa wa maduka ya leso, kumbuka hilo.

bintiNdiaKuu

Nyote mmemaliza kusema kuhusu mawe, sasa mgeni atakula nini?

Kaka, kabla hujaingia Ngomeni pitia vichochoro vya nyuma utafute mahamri na mbaazi. Kama ni saa tatu unusu bado utayapata, baada ya hapo ni bahati. Ukitoka Ngomeni shika Ndia Kuu, tembea polepole, tazama juu kwenye roshani za mbao kabla ya kutazama milango. Utafika Msikiti wa Mandhry, unahesabiwa ni wa 1570, yaani Wareno waliukuta kabla hawajaweka jiwe la kwanza la Ngome yao. Mnara wake mnene, hauna madaha, umepakwa chokaa, mie naupenda kuliko yote. Ukishuka zaidi utaona maji, hiyo ndiyo Bandari ya Kale.

Huyo dada avae kitu cha kufunika mabega na magoti, na nyote muulize kabla ya kupiga watu picha. Hawatakutukana, watakuangalia tu, na hilo ni baya zaidi. Ijumaa baina ya saa sita na saa nane usitarajie duka.

Kahawa chungu kwa kashata popote utakapoona mabenchi na wazee wanabishana. Achari na mabuyu, sokoni Marikiti. Mkate wa mofa ukiubahatisha, mwenye kazi ya oveni kama wewe utalia.

Kipusa_wa_Pwani

Na kule Mama Ngina, kando ya bahari, je? Mihogo ya kuchoma, pilipili, ndimu, madafu, unakaa chini ya mbuyu unaangalia meli zikipita karibu mpaka unasoma majina.

DerevaWaMakupa

Mama Ngina ni jioni. Jioni wao ndio watakaokuwa wanapita. Wewe ndiye utakayekula muhogo ukiwaangalia.

Kipusa_wa_Pwani

Sawa, nitakula kwa niaba yao.

MkateMoto

Wakuu nimerudi. Tuko njiani Unguja, nimelala kwa muda wa saa nne, sasa naandika. Nitasema kwa urefu, mtanisamehe.

Tulitoka getini saa tatu na dakika kumi, saa ya Mombasa, kwa sababu kulikuwa na foleni kwenye ngazi. Tuktuk mia tatu. Dereva akasema atatufuata palepale Ngomeni saa nane kasoro robo. Hapo ndipo kosa lilipozaliwa, nitalifikia.

Mahamri tuliyapata. Mama mmoja, baraza ya nyumba yake, karai juu ya jiko la mkaa. Nilisimama nikamtazama kama mwanafunzi. Donge anasukuma duara, anakata manne, anatumbukiza, halafu kwa upawa anayamwagia mafuta ya moto juu, mara mbili tatu, mpaka yanafura kama yamevuta pumzi. Nikamwambia mimi pia ni mtu wa mikate, nikauliza iliki anatia kiasi gani. Hakunijibu. Alinishika mkono akauweka juu ya unga uliobaki kwenye beseni, ulikuwa laini na una joto la mwili wa mtu, tui halisi la nazi. Kule melini nina mashine ya kukandia ya lita arobaini na kipimajoto cha unga, na sijawahi kuupata unga ule. Kaka wa injini alikula saba. Mbaazi aliomba tena mchuzi mtupu.

Ngomeni tulikaa saa moja na nusu. Ule ukuta wa michoro ya merikebu, Mzee Mvita, ahsante. Ila kilichomshika mwenzangu ni kitu ambacho hakuna aliyekitaja humu. Kazi yake melini ni mitambo inayogeuza maji ya bahari kuwa maji matamu. Alipoonyeshwa birika la Wareno la kukingia maji ya mvua alisimama pale robo saa. Akauliza lilikuwa linachukua kiasi gani, watu walikuwa wangapi, mvua za hapa hunyesha miezi gani. Mwongozaji akamwambia mvua kubwa ni Aprili na Mei. Akapiga hesabu kwenye simu. Halafu akasema, "Miaka mitatu? Hapana." Hakueleza zaidi, akaendelea kutembea. Mabasi yalifika, wenye vibandiko vifuani wakaja wakaondoka, nikamkumbuka Kiongozi.

Ndia Kuu tuliipitia kama ulivyosema dada, macho juu. Nyumba nyingine zinatia huruma, roshani imelala upande mmoja na paka amelala juu yake. Mandhry tuliuona kwa nje. Bandari ya Kale kulikuwa na majahazi mawili yanapakia, siku hizi nayo yana injini, vijana wanabeba magunia kwa kichwa juu ya ubao mmoja. Nilishangaa ukimya. Ukitoka Kilindini masikio yako yanavuma kwa winchi na malori, hapa unasikia maji yanagonga ubavu wa chombo. Tukanywa kahawa. Wazee walikuwa wanabishana kuhusu mpira, si siasa. Kikombe cha tatu walinikataza nisilipe kwa sababu mmoja ana shemeji yake Tanga, barabara ya kumi na mbili.

Mofa sikuupata. Nilimpata mtu aliyeniambia ningekuja jana.

Mvita_Asilia

Na dereva?

MkateMoto

Ehe. Nilikuwa nimemwambia saa nane kasoro robo nikiwa nasoma saa ya mkononi, ya meli. Nilivyosema nilidhani najipa nafasi kubwa. Yeye bila shaka akashika saa nane kasoro robo ya kwao, ambayo kwetu ni saa tisa kasoro robo, na geti letu linafungwa saa tisa. Yaani nilionywa humu ndani, nikavaa saa, halafu saa yenyewe ndiyo iliyoniponza.

Tuligundua tukiwa Biashara Street, saa nane na dakika ishirini ya meli. Simu ya dada inasema saa saba na dakika ishirini, anashangaa nakimbia nini. Tukarukia tuktuk yoyote. Moi Avenue imejaa. Tukasimama kabisa, dakika sita nzima, chini ya yale mapembe makubwa ya ndovu yaliyokingama juu ya barabara. Kaka wa injini akachungulia akayagonga kwa macho, akasema aluminiamu. Kwa hiyo mapembe nayo tumeyaona, na nimepata muda wa kuona kwamba mawili mawili yakikingamana yanafanya herufi M. Ngazini tulifika zimebaki dakika nne.

Jioni nilipanda sitaha ya wafanyakazi wakati tunatoka. Feri za Likoni mbili zilikuwa zimesimama zinatungoja tupite, zimejaa watu mpaka ukingoni. Upande wa pili, Mama Ngina, watu wanapunga mikono. Kipusa, kama ulikuwepo mwenye nguo ya njano, nilipunga.

Kipusa_wa_Pwani

Nilikuwepo, nguo ya bluu. Wa njano simjui lakini amefurahi.

bintiNdiaKuu

Hujatuambia Biashara Street mlinunua nini mpaka mkasahau saa.

MkateMoto

Leso. Mimi nilimchukulia mama, imeandikwa Wema Hauozi, fundi wa pale barazani akaipinda nikiwa nimesimama. Dada alitafuta ya mama mkwe wake. Alipindua duka lote, kila rangi, mwisho akapenda moja nyekundu na nyeupe yenye korosho pembeni. Kabla hajalipa akaniuliza maandishi yanasema nini. Nikasoma: Hasidi Hana Sababu. Mwenye duka akaangalia dari. Nikamtafsiria dada neno kwa neno, nikamwonyesha nyingine za mama ni mama na kadhalika.

Alifikiri kidogo akasema funga hiyohiyo, mama mkwe hajui Kiswahili.

MwalimuMstaafu

Leso huuzwa doti, vipande viwili jina moja. Cha pili kampa nani?

MkateMoto

Cha pili anavaa yeye. Sasa hivi yuko nacho hapa, amejifunga kichwani.